Kompyuta Juu ya Waya wa Mishikaki

Kalangalala, alasiri, kesho unaondoka

Mwanangu Minza,

Hujambo sikuulizi, maana nakusikia hapo uani unachambua mchele na kuimba kwa sauti ya puani uliyorithi kwa bibi yako. Mimi niko huku ofisini, nimerudishia mlango, naandika kwa mkono. Ningetumia taipureta ungesikia, ungekuja kuchungulia begani kwangu, na mimi ningeichana hii karatasi. Nimekwisha chana tatu tangu tule.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala wanaume wa kambi ya watafiti wa madini. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuitikia "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Nakuandikia juu ya ile mashine. Ndiyo, ile ile. Kompyuta ya kukunja iliyokufa mwaka wa tisini na saba, kabla ya mvua za Elinino. Najua hutaki kusikia habari zake, lakini kesho saa mbili asubuhi gari la kambi litapiga honi hapo nje, na ukishatia sahihi karatasi yao nitakuwa nimechelewa.

Wiki iliyopita yule bwana mwanajiolojia alikaa kwenye kiti cha wateja akakupa kazi mbili uchague. Ya kwanza, kuingiza takwimu za udongo kwenye kompyuta ya kambi, ya kukunja kama ile yetu, halafu wakupeleke Mwanza ukafundishwe zaidi. Ya pili, kushona mifuko ya udongo na kuiandika namba kwa miezi mitatu, kisha kwaheri ya kuonana. Mimi nilikuwa namimina chai. Wewe hukumwangalia yeye, uliangalia mikono yako, ukasema, "Nipe mifuko. Kompyuta zinanifia." Yule bwana akacheka, alidhani utani. Chai ikanimwagikia kwenye sahani nikasema kikombe kina ufa. Hakina ufa, Minza. Kiko kabatini, kakiangalie.

Hukuiua wewe. Niliiua mimi, na nilijua siku ile ile. Basi, nimeandika.

Sasa kaa nikueleze yote, maana nikiishia hapo utasema mama ananihurumia tu, ananidanganya niondoke kwa furaha.

Unakumbuka nilivyoinunua kwa yule Mzungu wa utafiti aliyekuwa anarudi kwao. Mtaa mzima ulikuja kuiangalia. Mama wa genge alileta hata wageni wake kutoka Sengerema waone "televisheni inayoandika". Nami nilijaa kiburi, loo! Mchapaji gani mwingine Geita hii alikuwa na kitu kile? Wenzangu walikuwa bado wanagonga taipureta na kufuta kwa dawa nyeupe, na mimi nabonyeza kitufe kimoja neno linapotea. Nilikuwa nikitembea barabarani hivi, shingo juu, natamani watu waniulize.

Tatizo lilikuwa joto. Ofisi yetu ina bati bila dari, unaijua. Ikifika saa sita mchana ile mashine ilikuwa inachoma mapaja, inaguna, kisha maandishi yanaganda kwenye kioo. Nikaibeba nikaenda kwa Bwana Karimu, yule Mhindi wa duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti. Nikamwambia nataka kitu kizuri cha kuiwekea, kitakachoipoza. Nilisisitiza hilo neno, kizuri.

Bwana Karimu akaigeuza kichwa chini miguu juu, kama mtu anayekagua kuku. Akanionyesha matundu ya chini. "Mama Minza, huku ndiko inakovutia hewa. Usiizibe. Iinue tu." Akaingia stoo, akatoka na nini? Waya wa kuchomea mishikaki! Mpya, bado una karatasi. "Mwambie fundi akunje miguu minne, uiweke juu, na feni ndogo pembeni. Basi."

Nilimwangalia kama aliyenitukana. Mimi, niweke kompyuta juu ya waya wa nyama? Wateja waje waseme Mama Minza anachoma mishikaki ofisini? Nikamwambia, "Bwana Karimu, hiki ni chombo cha maana." Akanijibu kwa upole, "Chombo cha maana kinataka hewa, mama, hakitaki sifa." Nilitoka dukani bila hata kuaga.

Nikaenda kwa fundi cherehani. Unajua kilichofuata, ulikuwepo. Mto wa mahameli nyekundu, ndani sponji nene, pembeni utepe wa dhahabu. Na juu yake kitambaa nilichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua manane, mwezi mzima wa sindano. Nyumba yetu kila kitu kina kitambaa. Redio ina kitambaa, jagi lina kitambaa, kochi lina vitambaa mpaka mgeni anaogopa kuegemea. Ndivyo tulivyolelewa, kitu ukikithamini unakivisha. Basi na kompyuta nikaivisha. Chini mto, juu kitambaa, nikaona nimeipoza na kuiheshimu kwa pamoja. Nikikumbuka nilivyorudi nyuma hatua tatu kuutazama ule upuuzi, nimekunja mikono, natabasamu peke yangu, natamani kujizaba kibao.

Wewe uliniambia. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Ulikuwa kidato cha pili, umetoka shule na vumbi miguuni, ukapitisha mkono chini ya ule mto ukasema, "Mama, inapumulia huku chini. Umeiziba pua." Nami nikakujibu nini? "Bhebhe! Wewe mtoto unanifundisha kazi? Nilianza kuchapa hujazaliwa." Baada ya siku mbili ukarudia, kwa adabu zaidi, nikakufukuza ukateke maji.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kikao cha harusi ya binti wa jirani. Niliiwasha asubuhi kumalizia kazi ya Mwalimu Lukasi, yule mstaafu wa Ushirombo aliyekuwa akikusanya maneno ya Kisumbwa kwenye madaftari yake. Wakati wa kwenda kikaoni ukafika sijamaliza. Ningeizima. Mtu mwenye akili angeizima. Lakini mlango wa ofisi ulikuwa wazi kuelekea barabarani, na nilitaka wapita njia wakione kioo kinawaka. Basi nikakiacha kinawaka, na kwa kuogopa vumbi la malori nikaitandika kitambaa juu, nikavuta mpaka chini ukingoni. Ile nuru ikaonekana kwenye matundu ya maua. Nikaona imependeza sana. Nikaenda kikaoni nikakaa saa tano nzima nikichangia mawazo juu ya rangi ya sare.

Wewe ulirudi saa nane. Ulisikia harufu, ukafunua kitambaa, ukajaribu kubonyeza ili uhifadhi kazi, ndiyo kikafa kioo mbele ya macho yako. Ulijaribu kuokoa, Minza! Uliniambia hivyo hivyo, "Mama nilitaka kuhifadhi tu." Mimi nikafika nimevaa kitenge cha kikao, nikakuta umesimama hapo na kitambaa mkononi, na Mwalimu Lukasi yuko mlangoni amefuata kazi yake.

Sasa sikiliza. Kabla sijasema neno lolote niliinua ile mashine, nikaona. Mahameli ilikuwa imeungua tundu, na sponji la ndani lilikuwa limebadilika rangi, kahawia, limeyeyuka na kunata kwenye yale matundu kama ubani uliochomwa. Niliona kwa macho yangu. Nilielewa palepale, hata bila fundi. Na mkono ule ule uliokwisha kuona ndio nikaunyanyua nikakupiga kofi mbele ya mgeni. Nikasema, "Umeniulia mashine! Nani alikutuma uishike?" Mwalimu akasema, "Mama Minza, taratibu, ni mtoto." Nikamjibu, "Ndiyo hawa, Mwalimu, ndiyo hawa watoto wa siku hizi." Sauti yangu ilikuwa kubwa ili nisijisikie.

Ulipokimbilia ndani nikauviringisha ule mto kwenye kanga nikaenda kuutupa chooni. Haukushuka haraka. Ulinasa pembeni, mahameli nyekundu na utepe wake wa dhahabu, na mimi nimeinama pale juu ya uvundo nausukuma kwa kijiti cha fagio, nimevaa kitenge cha kikao. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Ukitaka kumjua mama yako alivyo, ndiye yule. Jioni uliniuliza, "Mama, mto uko wapi?" Nikakwambia nimeufua. Hukuuliza tena.

Jumatatu nikaipeleka kwa Bwana Karimu. Akaifungua, akachokonoa kwa bisibisi, akatoa nyuzi za sponji akazipanga mezani moja moja. Hakunitazama. "Hii si mtoto, Mama Minza." Kumbe habari zilikwisha mfikia, mtaa mzima ulikuwa unasema binti wa mchapaji kaua kompyuta. Nikamwomba asiseme. Nilimwomba kwa machozi, nikamwambia nitakueleza mwenyewe taratibu. Akafunga skrubu zake akasema, "Mwambie wewe, basi. Mimi sitasema."

Miaka miwili, Minza. Miaka miwili nimesikia wale wauza mkaa wakikuita Mvunja Kompyuta, nimepita nikijidai sisikii. Nimekuona ukipita hapa ofisini mikono nyuma, kama aliye dukani kwa watu. Nilipopata ile taipureta ya umeme nikakwambia jaribu, ukasema hapana mama, usije ukaipoteza na hii. Ningeweza kusema siku hiyo. Badala yake nikakupa hela ya sabuni. Naona kinyaa kuandika haya. Sio kinyaa cha mdomo, cha kujisemea ili mtu akubembeleze. Kile cha kutaka kunawa.

Nikueleze na la zamani, maana ndilo linanifanya nishindwe hata kujitetea. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa mchapaji kwenye ofisi moja ya pamba kule Shinyanga. Bosi wetu aliandika kwa mkono wake mwenyewe idadi ya marobota kimakosa, nikachapa kama ilivyo, naye akatia sahihi. Wakubwa walipokuja juu akasimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Makosa ya mchapaji." Basi. Yale maneno matatu tu, kisha akaenda kunywa chai. Rasimu yake niliikuta kwenye kapu la taka, imechanwa vipande. Nililia njia nzima mpaka kwa shangazi, nikaapa, nakwambia niliapa kwa jina la Mungu, kwamba nikija kuwa mkubwa wa mtu sitamfanyia hivyo. Kwa mwaka mzima nilikagua kila herufi mara nne, vidole vimekufa ganzi kwa woga. Nikaacha kazi. Watu walidhani nimefuata mume.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua inavyouma. Nilijua vizuri mno. Hata ukubwa wake niliujua, kwamba mtu anaweza kubadili kazi kwa ajili ya kitu kama hicho. Nawe kesho unataka kubadili kazi.

Nilipomsikia yule mwanajiolojia wiki iliyopita, kesho yake nikarudi kwa Bwana Karimu. Nilisema moyoni, Minza akienda na kitu cha kuipozea kompyuta, kizuri kweli safari hii, labda moyo utamtulia achukue kazi ya kompyuta, na mimi sitahitaji kusema kitu. Ona nilivyo! Hata kukutengenezea njia nataka niipitie kwa uchochoro.

Mpwa wake ameleta bidhaa mpya kutoka Dubai. Akanionyesha kibao cha plastiki cheusi chenye feni mbili na taa za buluu zinazozunguka. Watu wawili walikuwa wamesimama wanashangaa, nami moyo ukanidunda kama zamani. Lakini nimezeeka kidogo. Nikaweka kiganja juu ya zile feni nikahesabu mpaka mia. Mtoto mchanga anapuliza zaidi. Kisha nikashika pembeni penye mota, pa moto! Kinachopoza chenyewe kina homa. Nikakigeuza, miguu yake mifupi kama kidole gumba, hewa itapita wapi? Nikakibonyeza katikati, kikanesa. Taka tupu, zimepambwa taa ili wapumbavu kama mimi wafungue pochi. Nikakisukuma huko nikasema, "Bwana Karimu, nipe waya wa mishikaki."

Hakucheka. Alikwenda stoo akauleta, na feni ndogo ya chuma ya mezani. Kabla hajanikabidhi akauliza, "Umeshamwambia mtoto?"

Nikamjibu, nimeshamwambia.

Ndiyo hivyo. Hata hiyo feni nimeinunua kwa uongo. Akatabasamu, mzee wa watu, akasema, "Vizuri sana, mama," akanifungia kwenye gazeti. Nilifika hapo nje ya duka nikashindwa kuvuka barabara. Nilisimama na mzigo wangu, malori yananipitishia vumbi, najitazama nilivyo mchafu ndani. Ndipo nikajua nitaandika, kwa sababu ule uongo nimeuweka rehani kwa mtu mwema na hauna njia ya kukombolewa ila kuufanya uwe kweli kabla hujaondoka.

Fundi amekunja miguu minne, mirefu kama kidole cha kati, na kuichomeka kwenye mpira wa ndala za zamani isiteleze. Nimeujaribu mwenyewe. Nimeweka pasi ya moto juu ya waya, na nyingine nikaazima nikaiweka juu ya mto wa kitandani kwako, samahani kwa foronya. Ya kwenye waya ilipoa wakati najisomea ukurasa mmoja wa Biblia. Ya kwenye mto ukiigusa hata baada ya chai ilikuwa bado inauma. Kitu rahisi kiasi hicho, Minza. Mtoto wa kidato cha pili alikiona kwa kupitisha mkono. Wewe una jicho la mashine, ulikuwa nalo siku zote, na mimi nilikupiga kofi kwa sababu ulikuwa nalo na mimi sina.

Kambini watakuweka kwenye hema au kontena, kote ni tanuri. Feni iweke ubavuni, ipulizie chini ya waya, usiielekeze juu usoni pako hata kama unatoka jasho. Ukimkuta mtu ameivisha kompyuta kitambaa, hata awe mkubwa wako, kivue. Hilo ndilo agizo langu moja tu la matumizi, mengine unayajua kuliko mimi.

Siwezi kukwambia usinichukie. Ungekuwa na haki. Unaweza kunikasirikia kutoka hapa mpaka Isaka mnakokwenda kupakia vifaa, na kutoka Isaka mpaka Ushirombo, na kule porini uendelee, nitakuwa hapa tu. Usiniandikie mpaka utakapotaka mwenyewe. Ila usichukue mifuko. Nakuomba kwa magoti, mwanangu, usiende kushona mifuko kwa sababu ya uongo wangu. Kama moyo wako unapenda mifuko, shona. Lakini huipendi, nilikuona ulivyoitazama ile karatasi ya kazi ya kwanza.

Kwenye bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mwalimu Lukasi. Mtalala Ushirombo, na nyumba yake haiko mbali na misheni, kila mtu atakuonyesha. Sijaifunga. Isome kwanza. Nimemwandikia kila kitu, kofi na choo na yote. Nimemwambia pia kwamba kama bado anataka maneno yake ya Kisumbwa yachapwe, ampe aliyemletea barua. Na kesho gari likishaondoka nakwenda gengeni, na kwa wauza mkaa, na kwa Bwana Karimu mwisho, maana kwake nina mawili ya kuungama. Watanicheka mpaka mwaka ujao. Wacheke.

Umenyamaza kuimba. Bila shaka mchele umekwisha, sasa hivi utaniita nije nionje chumvi. Barua hii nitaiweka ndani ya mzigo wa waya, juu kabisa, uione ukifungua, na nitakwambia ufungue usiku huu huu, kabla ya sahihi, nikiwa chumba cha pili. Nitakuwa macho. Ukitaka kunigongea, gonga. Usipotaka, nitakupikia uji asubuhi na nitakusindikiza mpaka mlango wa gari bila kukuuliza lolote.

Kamba ya kufungia mzigo sikupata nzuri. Nimekifumua kile kitambaa, maua yote manane, kilikuwa bado kwenye sanduku langu kimekunjwa. Uzi wake ni imara kuliko nilivyodhani. Usihangaike kuufungua kwa vidole, chukua mkasi wangu wa ofisini, ule uliokuwa unaogopa kuushika, ukate.

Mama yako